Kuvuna viazi vitamu Jumamosi

Assalam aleykum na habari za jioni, ndugu zangu.

Jumamosi tunavuna viazi Mwakirunge kabla vuli haijatukuta. Tukutane shambani saa 12 na nusu asubuhi, maana kiazi kikikaa juani huungua ngozi.

1. Vijana wakate marando Jumatano jioni, ngozi ya viazi ipate kukaza. Ncha zisizo na wadudu, sentimita 30, tunaziweka kwa mbegu. Yaliyobaki ni ya mbuzi.

2. Leteni majembe ya meno, si ya bapa. Chimbeni kuanzia pembeni mwa tuta, kisha mkono umalizie. Kiazi kilichochubuka huoza guniani na kuozesha wenzake.

3. Chenye matundu ya fukusi kitengwe. Ni kichungu, hata mbuzi asipewe.

4. Msivioshe! Kung'uteni udongo tu.

Mchango ni shilingi 300 kila mtu, wa magunia na pikapu ya kwenda soko la Kongowea. Umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi saa 2 usiku.

Tafadhali jibuni hapa leo: "nipo" au "sipo", na majembe mangapi. Chai na mahamri vitapimwa kwa majibu hayo, asije mtu akalalamika.