Barua kwa Rashidi: leza, setilaiti na ardhi inayosogea

Rashidi rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeuliza inawezekanaje kupiga leza angani kisha ujue bara limesogea milimita ngapi. Wewe ni mpima ardhi, kwa hiyo nakujibu kifundi.

Shabaha kuu ni setilaiti iitwayo LAGEOS, iliyorushwa 1976, na pacha wake wa 1992. Ni tufe la sentimita 60, kilo 400 na ushei, lisilo na betri wala redio. Limejaa prizimu 426 zinazorudisha mwanga ulikotoka. Kwa kuwa ni zito na dogo, mwanga wa jua haulisukumi ovyo, na njia yake inakokotoleka vizuri. Liko kimo cha kilomita 5,900 hivi. Kituo kinafyatua mpigo mfupi wa leza ya kijani, saa inaanza. Mwanga unarudi baada ya sehemu 40 au 50 za elfu za sekunde. Ukikosea sehemu moja ya bilioni ya sekunde, umepotea sentimita 15.

Ila kazi hasa iko chini, hapo hapo kituoni. Kila setilaiti inapopita, kabla na baada, unapiga shabaha ya ardhini ambayo umbali wake unajulikana, ili uondoe ucheleweshaji wa nyaya na vifaa. Nguzo ya shabaha hiyo ikititia milimita mbili bila wewe kujua, kwenye hesabu kitaonekana ni kituo kimehama!

Halafu baromita, yaani kipima shinikizo la hewa. Hewa inachelewesha mwanga kana kwamba umbali umeongezeka mita 2.4 setilaiti ikiwa utosini, na karibu mita 7 setilaiti ikiwa nyuzi 20 tu juu ya upeo wa macho. Baromita ikidanganya hektopaskali moja (kizio cha shinikizo), kwenye nyuzi hizo 20 umeongeza kosa la milimita 7. Kwangu mimi, baromita iliyohakikiwa ina thamani kuliko leza yenye nguvu zaidi.

Tena nguvu yenyewe inaweza kuharibu. Kigunduzi cha fotoni (chembe za mwanga) moja moja kikipokea nyingi kwa pamoja, kinashtuka kwa ile iliyotangulia, na umbali unatoka mfupi. Dawa ni kupunguza mwanga mpaka majibu yapatikane kwenye mpigo mmoja kati ya kumi hivi.

Vipimo vya dakika mbili vinafupishwa kuwa nukta moja, kisha nukta za vituo vingi, kikiwemo Hartebeesthoek cha Afrika Kusini, zinakokotolewa pamoja ili kupata mahali kilipo kila kituo. Ndivyo ilivyoonekana Arequipa, Peru, kusogea takriban nusu mita katika tetemeko la Juni 2001. Na kwa kuwa setilaiti inazunguka kitovu cha uzito wa dunia, sifuri ya koordineti za ITRF (mfumo wa kimataifa wa marejeo ya dunia) unazotumia kazini inatoka kwenye vipimo hivi hivi.

Ukipata faili la kituo chochote, anza na safu ya shinikizo la hewa na ya shabaha ya ardhini, ndipo uangalie umbali. Ukikwama, niandikie.

Wako,
Hamisi