Kushika shilingi si kumfukuza waziri

Ndugu Mhariri,

Kila Mkutano wa Bajeti unapoanza hapa Dodoma mwezi Aprili, malalamiko ni yale yale, kuanzia soko la Sabasaba hadi la Majengo: waziri fulani ameboronga, wabunge wanangoja nini kumfukuza? Hawamfukuzi kwa sababu Katiba haijawapa uwezo huo. Waziri huteuliwa na Rais, na ni Rais anayetengua uteuzi wake.

Katika Baraza la Mawaziri, kura ya kutokuwa na imani humgusa Waziri Mkuu peke yake. Ibara ya 53A inataka taarifa iliyosainiwa na wabunge wasiopungua asilimia 20 ya wote, imfikie Spika siku 14 kabla ya hoja kuletwa, kisha iungwe mkono na wabunge walio wengi. Tena hoja hiyo haiwezi kuletwa kabla ya miezi sita tangu Waziri Mkuu ateuliwe. Ndiyo maana Aprili 2012, hasira zilipowaelekea mawaziri waliotajwa katika ripoti za ukaguzi, sahihi zilikusanywa dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Kura haikupigwa, lakini Mei Rais Kikwete alilipanga upya Baraza na baadhi ya mawaziri wakaachwa. Shinikizo lilitoka bungeni, uamuzi ukatoka Ikulu.

Sasa ile shilingi ambayo wabunge husema wanaishika. Bunge zima linapokaa kama Kamati ya Matumizi, yaani kupitia makadirio ya wizara kifungu kwa kifungu, na kufika kwenye kifungu chenye mshahara wa waziri, mbunge huomba ufafanuzi wa jambo la kisera. Asiporidhika hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara huo. Kwa nini iwe kuondoa? Kwa sababu Ibara ya 99 inamzuia mbunge kuongeza kodi au matumizi bila pendekezo la Rais lililoletwa na waziri, ila kupunguza anaruhusiwa. Hata kama kilio chake ni barabara iliyonyimwa fedha, mlango alioachiwa ni wa kupunguza.

Hapo ndipo mambo hulegea. Waziri husimama na kuahidi, mbunge hurudisha shilingi, makofi yanapigwa. Akigoma, hoja hujadiliwa na kupigiwa kura, na kati ya wapiga kura hao wamo mawaziri wenyewe, maana Ibara ya 55 inataka wote wawe wabunge. (Kwangu mimi huu ndio ufa mkubwa kuliko yote katika mgawanyo wetu wa madaraka: anayesimamiwa anapiga kura pamoja na anayemsimamia.) Muda nao ukiisha, vifungu vilivyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila mjadala.

Wapo wanaosema basi wabunge waikatae bajeti nzima. Wanaweza. Ila Ibara ya 90 inalitaja hilo waziwazi miongoni mwa mambo yanayompa Rais nafasi ya kulivunja Bunge, na kura ya bajeti hupigwa kwa kuita majina, mmoja mmoja, chama kikisikiliza. Mbunge anayesema "hapana" anajua huenda anaurudisha ubunge wake mwenyewe kwa wananchi kabla ya wakati.

Kwa hiyo mwananchi mwenye hoja asisubiri siku ya shilingi. Kamati ya Bunge inayosimamia sekta husika hupitia makadirio ya wizara kabla hayajafika ukumbini, na huko ndiko Serikali bado inaweza kushawishiwa kuhamisha fedha. Aandike mapema kwa mbunge wake, ataje mradi, kiasi kilichotengwa mwaka uliopita na kilichotolewa kweli. Na mbunge aliyerudisha shilingi aulizwe akirudi jimboni: ahadi aliyopewa ilitolewa kikao cha tarehe ngapi? Maneno ya waziri yako kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, neno kwa neno, na yanasomeka bure katika tovuti ya Bunge.

Msomaji wako,
Makole, Dodoma