Kaka, Mashine Haiogopi

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na kile kicheko. Unasema umepata programu ya kompyuta inayopiga "La Campanella", kipande cha piano cha mtunzi Liszt, bila kukosea hata noti moja, tena kwa kasi ambayo hakuna binadamu atakayeifikia. Sasa unataka nikueleze kwa nini watu wazima wasimame na kumpigia makofi mpaka viganja viwake moto mtu anayehangaika kwa jasho kufanya kitu ambacho kompyuta inakifanya bila hata kupata joto. Mambo hayo umeyaita sarakasi. Nilitaka kukujibu palepale kwa mistari miwili, nikaona nitakuwa mkali bure. Naandika hapa hadharani kwa sababu wenye swali kama lako ni wengi, ila wengi wao wanaona haya kuliuliza.

Kwanza chukua ushindi wako. Mashine inashinda, na imeshinda zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 tayari kulikuwa na piano zinazojipiga zenyewe kwa kufuata karatasi zilizotobolewa matundu. Mtunzi mmoja, Conlon Nancarrow, Mmarekani aliyehamia Mexico mwaka 1940, alitumia miongo kadhaa akitoboa karatasi hizo kwa mkono ili atunge muziki ambao vidole kumi haviwezi kuupiga. Muziki wake ni wa ajabu kweli, na mimi naupenda, ingawa nikiusikiliza zaidi ya nusu saa kichwa kinaniuma. Lakini tazama anayesifiwa ni nani. Ni Nancarrow. Piano yake ilitii tu, na sijawahi kukutana na mtu anayeisifu kwa kutii.

Sasa njoo tuangalie mkono wa mtu. Mtunzi Chopin ana kipande kifupi cha piano, cha pili katika mkusanyiko wake wa Opus 10 uliotoka mwaka 1833, cha dakika moja na nusu hivi. Ukisikia tu utadhani ni upepo unapita. Mkono wa kulia unapanda na kushuka noti baada ya noti bila kuruka hata moja, nyeupe na nyeusi zote. Shida ni kwamba kazi hiyo wamepewa vidole vitatu tu: cha kati, cha pete na cha mwisho. Dole gumba na cha shahada wana kazi nyingine, wanadonoa noti za kusindikiza kwenye kila pigo. Kwa hiyo kidole cha kati kinalazimika kuvuka juu ya cha pete na cha mwisho, tena na tena, na hao wawili ndio wanyonge wa mkono mzima. Weka kiganja chako mezani ujaribu kuinua kidole cha pete peke yake huku vingine vimetulia. Umeona? Basi hicho ndicho kinachotakiwa kukimbia, na kikimbie kwa sauti ndogo, bila kupiga kelele.

Halafu kuna jambo ambalo wasikilizaji wengi hawaambiwi kuhusu piano yenyewe. Ukibonyeza, unarusha nyundo. Nyundo inaachana na kidole kabla haijagusa waya, na kuanzia hapo huna tena mamlaka juu ya sauti ile isipokuwa kuiacha ife au kuikata. Mwimbaji anaweza kuikuza sauti katikati ya neno, mpiga fidla anaweza kuivuta. Mpiga piano hawezi. Sauti yake inaanza kufa sekunde ileile inapozaliwa. Kwa hiyo ukisikia piano "inaimba", ujue umedanganywa kwa ustadi mkubwa: noti hii imepigwa laini kidogo kuliko ile, nyingine imecheleweshwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, mguu uko kwenye pedali, na sikio lako lenyewe limemalizia kuunganisha. Ninaposhangilia, mara nyingi nashangilia udanganyifu huo kuliko kasi.

Hiyo "La Campanella" uliyoitaja nayo ina historia yake. Mwaka 1832, jijini Paris, Liszt alimsikia Paganini akipiga fidla, akaondoka hajiwezi. Hakuwa mtoto, alikuwa na miaka 20 na tayari ana jina, lakini alirudi kwenye mazoezi kama mtu anayeanza upya, akitafuta kwenye piano kitu cha kulingana na kile alichokisikia. Wimbo wenyewe wa kengele, maana "campanella" ni kengele ndogo, ni wa Paganini. Toleo la Liszt tunalolijua leo lilitoka mwaka 1851. Mle ndani mkono wa kulia unaruka kutoka noti za katikati hadi juu kabisa na kurudi, umbali unaozidi kiganja kilichotanuliwa, bila nafasi ya kutazama unakotua. Bahati nzuri mafundi nao walikuwa wamejiongeza: mwaka 1821 ulisajiliwa mtambo wa Sébastien Érard unaowezesha noti kurudiwa kabla kibonyezo hakijapanda hadi juu. Bila mtambo wa namna hiyo, zile noti zinazorudiwa kwa kasi zingebaki ndoto. Kuhusu wasikilizaji wa Liszt waliopagawa hadi mshairi Heine akawatungia jina la ugonjwa mwaka 1844, mimi nachukua nusu ya hadithi zile na nusu naiacha kwa waliozisimulia.

Lakini swali lako halikuwa la historia. Uliuliza tunashangilia nini hasa. Jibu bora ninalolijua ni kisa cha Joyce Hatto.

Hatto alikuwa mpiga piano wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1928. Alikuwa ameacha jukwaa kwa miaka mingi, na ilielezwa kwamba anaugua saratani. Kisha, uzeeni, zikaanza kutoka CD zenye jina lake, moja baada ya nyingine, zaidi ya mia moja. Zote zilitolewa na kampuni ndogo ya mumewe, na ndani yake mlikuwa na karibu kila kazi ngumu unayoweza kuitaja. Wapenzi wa piano wakaingia wazimu. Mama mgonjwa, asiyeonekana, anapiga Liszt kwa namna ile! Wahakiki wakamsifu. Alifariki mwaka 2006. Mwezi Februari 2007 msikilizaji mmoja akaiweka kwenye kompyuta CD yake ya zile etudi 12 za Liszt, yaani vipande vya kuujaribu ustadi wa mpigaji, ziitwazo za Kuvuka Mipaka, na kompyuta ikamletea jina la mtu mwingine kabisa: László Simon. Walipochunguza, wakakuta rekodi nyingine nyingi nazo ni za watu wengine, baadhi zimeongezwa au kupunguzwa kasi kidogo ili zisitambulike. Mumewe alikiri.

Sasa fikiri, kaka. Sauti kwenye zile CD haikubadilika hata chembe. Noti zilikuwa zilezile, tena zimepigwa kweli na wapiga piano hodari wa kweli. Kama tulichokuwa tunakipenda ni sauti tu, hakuna aliyepoteza kitu. Mtu angebadilisha jina kwenye jalada na kuendelea kufurahia. Lakini watu waliumia. Wengine waliona aibu kuzigusa tena. Maana yake ni kwamba pongezi zile zilikuwa na anwani. Tulikuwa tunamshangilia mtu fulani kwa kitu alichokifanya kwa mwili wake, na mtu yule hakuwa amekifanya. Ungenipa mimi nichague, ningesema waliomsifu Hatto hawakuwa wajinga wa muziki. Masikio yao yalisikia ukubwa uliokuwepo kweli. Kilichoibiwa ni jina la mwenye jasho.

Wewe ni mtu wa mpira, kwa hiyo hili utalielewa haraka. Mtu anaweza kutengeneza mtambo wa kupiga penalti unaopachika mpira kona ya juu mara mia katika mia. Nani atalipa kiingilio kuutazama? Tunachokitazama ni yule kijana anayetembea kutoka katikati ya uwanja akijua kwamba anaweza kukosa.

Na wakubwa wanakosa. Tarehe 9 Mei 1965 mpiga piano Vladimir Horowitz alirudi kwenye jukwaa la Carnegie Hall, New York, baada ya miaka 12 ya kutopiga mbele ya hadhira. Watu walilala kwenye foleni ya tiketi. Mkewe aliwapelekea kahawa. Akaketi, akaanza na kipande cha Bach, na palepale mwanzoni vidole vikaangukia noti zisizo zenyewe. Kila mtu alisikia. Akaendelea, na kadiri alivyoendelea mkono ulizidi kutulia. Rekodi ya tamasha lile ilipotolewa, baadhi ya makosa yalikuwa yamerekebishwa. Hapo ndipo utawajua wasikilizaji: walitaka makosa yale yarudishwe. Mwaka 2003 likatoka toleo ambalo halijaguswa, na hilo ndilo ninalolisikiliza mimi. Ile noti mbaya ya mwanzo inanifanya niinuke kwenye kiti kila mara, na kila kinachofuata kinakuwa kikubwa zaidi kwa sababu yake. Programu yako haiwezi kunipa hilo. Unaweza kuiagiza ikosee, ndiyo, lakini haitakuwa na la kujutia.

Nikubali pia pale ulipo sahihi, maana umenichokoza kwa haki. Kuna wapiga piano wanaokimbia tu. "Islamey" ya Balakirev, iliyotungwa mwaka 1869 na kuogopwa tangu hapo, nimeisikia mara nyingi ikipigwa kama mbio za mita mia, na mwisho wake sikumbuki wimbo hata mmoja. Ukumbi unalipuka kwa makofi, nami napiga mawili matatu ya adabu. Huo mshangao upo, ni wa macho zaidi, na unaisha kabla hujafika mlangoni. Ravel alipotunga "Gaspard de la nuit" mwaka 1908 alikusudia kipande cha mwisho, "Scarbo", kiwe kigumu kuizidi "Islamey", na kweli ni kigumu. Lakini ukimpata mpigaji anayejua, hutafikiri ugumu. Utafikiri kuna kijitu kibaya kinazunguka chumbani.

Na ugumu wenyewe hauko kwenye wingi wa noti. Horowitz huyohuyo, akiwa na miaka 82, alirudi Moscow mwezi Aprili 1986. Alikuwa ameiacha nchi yake tangu mwaka 1925. Mwishoni, kama nyongeza, alipiga "Träumerei" ya Schumann, kipande ambacho mwanafunzi aliyejifunza miaka michache tu anaweza kukisoma. Filamu ya tamasha lile inamwonyesha mzee mmoja kwenye hadhira, machozi yanamtiririka na hajifuti. Sarakasi iko wapi hapo?

Umesema pia kwamba sisi tusiosoma noti hatujui tunachokishangilia. Mwenye mafunzo atashangaa jinsi mkono wa kushoto ulivyotulizwa. Mimi nitashangaa tu kwamba nimesahau kupumua. Wote wawili tumesikia. Mwezi Juni 2022, kwenye mashindano ya piano ya Van Cliburn kule Fort Worth, Texas, kijana wa Korea Kusini aitwaye Yunchan Lim, mwenye miaka 18, alipiga katika nusu fainali zile etudi 12 za Liszt mfululizo, takriban saa nzima ya mateso ya vidole. Kwenye fainali akapiga Konseto ya 3 ya Rachmaninoff, kazi ya piano pamoja na okestra. Ilipoisha, kiongozi wa okestra, Marin Alsop, alionekana akijifuta machozi. Huyo anasoma kila noti kwenye karatasi ya kila mwanamuziki aliye mbele yake, na bado yalimtoka. Sasa mimi nisiyesoma nikilia, tatizo liko wapi?

Ukipata dakika zipatazo 40 za utulivu, itafute hiyo ya fainali. Inaanza na wimbo mwepesi sana, mikono miwili ikipiga noti zilezile, mmoja juu na mwingine chini, hadi utajiuliza kelele zote hizi zilikuwa za nini. Usidanganyike. Rachmaninoff mwenyewe, alipokuwa safarini kwenda Marekani kuipiga kwa mara ya kwanza mwaka 1909, alifanyia mazoezi melini kwenye kibodi kisichotoa sauti kwa sababu muda ulikuwa umembana. Na Josef Hofmann, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa zama zile, ambaye konseto hiyo ilitungwa kwa heshima yake, hakuwahi kuipiga mbele za watu mpaka anaingia kaburini. Sikiliza kwanza, halafu nipigie tubishane vizuri.

Wako,
mdogo wako