Kijana wa miaka 16 na mahakama ya watu wazima

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama kijana wa miaka 16 aliyepora kwa kisu ashtakiwe kama mtu mzima ili akome. Hapana, ndugu yangu, na si kwa sababu ya kumhurumia. Kama shabaha ni asirudie, hiyo ndiyo njia inayomrudisha.

Marekani waliijaribu kwa upana. Miaka ya 1990 majimbo mengi yalirahisisha kuwahamishia vijana mahakama za watu wazima. Mwaka 2007 jopo la wataalamu wa afya ya jamii likapitia tafiti zilizowalinganisha na wenzao waliobaki mahakama ya watoto. Waliohamishwa walikamatwa tena kwa makosa ya ukatili au mengine takriban 34% zaidi.

Madhara huanza mahabusu, kabla hakimu hajasema neno. Wiki chache tu, masomo yamempita na wanaolala naye wameshakuwa walimu wake. Akitoka, hukumu inamfuata kila anapoomba kazi. Tena wakati anachomoa kisu hakuwa akihesabu miaka ya kifungo. Alikuwa akitazama wenzake wanamwonaje. Vijana wengi huacha uhalifu wenyewe wakiingia miaka ya ishirini, mradi tusiwe tumewafungia shule na kazi.

Kwa kesi yenyewe, umri uthibitishwe siku ya kwanza, kwa cheti cha kuzaliwa au kumbukumbu za kliniki na shule. Kisha ombeni dhamana. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 37, unataka kumzuia mtoto kuwe hatua ya mwisho, kwa muda mfupi kabisa, na atengwe na watu wazima.

Ripoti ya afisa ustawi wa jamii ndiyo huamua mengi, kwa hiyo isomeni neno kwa neno. Ikisema tu "tabia mbaya, mzazi ameshindwa," irudishwe. Itaje anaishi na nani, jioni hushinda wapi, nani atamsimamia, shule gani itampokea na lini.

Mwenye kosa dogo msimwingize kwenye programu nzito pamoja na waliokubuhu, atatoka mbaya kuliko alivyoingia. Na ile ziara ya gerezani ili wafungwa wawatishe vijana, ikataeni kabisa: tafiti zimeonyesha waliotishwa walifanya makosa mengi kuliko wale ambao hawakufanyiwa chochote.

Aliyeporwa asisahauliwe. Kikao cha kuwakutanisha husaidia, ila kwa hiari yake, na kila upande uandaliwe peke yake kwanza.

Akitimiza 18 kesi ikiwa bado inaendelea, msikubali ahamishwe kimyakimya. Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa inahesabu umri wa siku ya kosa. Ujerumani hakimu anaweza kutumia sheria ya vijana hata kwa wa miaka 18 hadi 20, na Uholanzi, tangu 2014, hadi kabla ya 23.

Nitumie ripoti ikishatoka, niipitie.

Wako,
Salome