Je, nihamishie mshahara wangu benki nyingine wakati mkopo wangu haujaisha?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari katika mkoa wa Njombe, na naomba ushauri wako pamoja na wa wasomaji waliowahi kukabiliwa na jambo kama hili. Tangu nilipoajiriwa serikalini, mshahara wangu umekuwa ukipitia benki moja, na benki hiyo ndiyo iliyonikopesha mkopo wa watumishi ninaoendelea kuulipa hadi sasa. Benki nyingine imenitaka nihamie kwake, mshahara na deni kwa pamoja, na afisa wake anasubiri jibu langu. Mume wangu ameshaamua moyoni mwake kwamba tuhame. Mimi bado nasita, na sababu za kusita kwangu nitazieleza kwa kirefu ili mnishauri mkiwa na picha kamili.

Hivi karibuni yalikoma makato ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo huchukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa mtumishi aliyesoma kwa mkopo wa serikali. Kwenye hati yangu ya mshahara yamebaki ya kodi, PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya, chama cha walimu na mkopo wa benki, kwa hiyo ninaweza kukopa tena bila kuvunja ile kanuni inayotaka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake. Maafisa mikopo huja shuleni kwetu mara kwa mara, na mmoja wao alipoiona hati hiyo alinipigia hesabu palepale katika ofisi ya walimu.

Nilimsikiliza kwa makini kwa sababu huduma ya benki yangu imenichosha. Kuna wakati nilikwenda mjini kutoa fedha kwenye mashine, shilingi 400,000 zikakatwa kwenye akaunti na mashine isitoe hata noti moja. Nilijaza fomu ya malalamiko, nikaambiwa nisubiri, na kila nikiulizia napewa jibu lile lile kwamba suala linashughulikiwa makao makuu. Kwa mwalimu mwenye watoto wanaosoma, kiasi hicho si kidogo. Zaidi ya hapo kuna ada ya kila mwezi ya kuendesha akaunti, ada ya kutoa fedha, ada ya taarifa ya akaunti, na makato mengine madogo ambayo ujumbe wa simu huyataja kwa vifupisho ambavyo hata mhudumu wa dirishani hakuweza kunifafanulia. Naamini mteja ana haki ya kujua fedha yake imekwenda wapi, na Benki Kuu ilitunga kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019 kwa sababu kama hizo.

Sasa nije kwenye hesabu, maana hapa ndipo penye uzito. Deni langu lililobaki ni shilingi 7,000,000 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, na nimebakiza miezi 36. Kila mwezi nakatwa takribani shilingi 249,600, maana yake hadi nimalize nitakuwa nimelipa karibu shilingi 8,985,000. Benki mpya inasema italinunua deni hilo, itaniongezea shilingi 3,000,000 mkononi, na mkopo mzima wa shilingi 10,000,000 nitaulipa kwa riba ya asilimia 14 kwa miezi 84. Makato yatashuka hadi takribani shilingi 187,400 kwa mwezi. Ukiitazama hati ya mshahara peke yake utaona nafuu ya zaidi ya shilingi 60,000 kila mwezi, na hapo juu una milioni tatu taslimu.

Lakini nilipokaa usiku na kikokotoo, nikazidisha makato hayo kwa miezi yote 84, nilipata zaidi ya shilingi 15,740,000. Yaani kwa kupokea milioni tatu leo, nitalipa karibu shilingi 6,755,000 zaidi ya zile ambazo ningelipa kama ningebaki nilipo. Riba imeshuka kweli, ila muda umerefushwa mno kiasi kwamba nafuu yote ya riba imemezwa. Afisa hakunidanganya kwa neno lolote. Alichofanya ni kuzungumzia makato ya mwezi tu, na walimu wengi tunaamua kwa kutazama makato ya mwezi.

Nilimuuliza kama wanaweza kulinunua deni langu kama lilivyo, milioni saba kwa miezi ile ile 36, bila nyongeza. Akasema inawezekana. Kwa riba ya asilimia 14, makato yangekuwa takribani shilingi 239,200, na hadi mwisho ningeokoa kama shilingi 370,000. Tatizo ni gharama za kuhama. Benki yangu ya sasa inatoza asilimia 3 ya salio endapo deni linalipwa na benki nyingine kabla ya muda, yaani shilingi 210,000. Benki mpya inatoza asilimia 1 ya mkopo kwa ajili ya kuushughulikia, ambayo ni shilingi 70,000, na juu yake kuna bima ya mkopo ambayo bado hawajanitajia kiasi chake. Ukiondoa hayo yote, sioni kinachobaki cha maana. Nilirudi kwenye benki yangu kuomba wanishushie riba, kwa kuwa najua walimu wanaokopa hapo leo wanapewa riba ndogo kuliko yangu, nikajibiwa kwamba riba ya mkataba wangu haibadiliki mpaka nichukue mkopo mpya. Hili bado linaniuma, kwa sababu sijawahi kukosa rejesho hata moja.

Mume wangu ni mkulima wa viazi, naye anataka zile milioni tatu ziende kwenye parachichi. Hoja yake naiheshimu, kwani wengi hapa Njombe wameinua maisha yao kwa zao hilo. Hata hivyo miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa huanza kuleta mavuno ya maana kwenye mwaka wa tatu au wa nne, na muda wote huo kuna palizi, mbolea, dawa na maji ya kiangazi, wakati makato ya benki hayasubiri mti uzae. Nimependekeza tuanze na eka moja kwa fedha za mauzo ya viazi, au nikope kiasi kidogo kwenye SACCOS yetu ya walimu. Yeye anaona huko ni kujichelewesha.

Jambo jingine linalonitia hofu ni uhamisho wenyewe. Ndugu yangu anayeishi Uingereza ananiambia kwamba huko tangu mwaka 2013 kuna huduma maalumu ambapo benki mpya huhamisha akaunti yako yote, pamoja na malipo ya kila mwezi, kwa siku saba za kazi, na fedha inayotumwa kwenye akaunti ya zamani huelekezwa yenyewe kwenye mpya. Sisi kila kitu mteja anakifuatilia mwenyewe: barua ya kutodaiwa kutoka benki ya zamani, kubadilisha akaunti kwa mwajiri, kuthibitisha mkopo kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, na kuwapa namba mpya wote wanaokulipa au unaowalipa. Mwalimu mwenzangu aliyehama alikatwa mara mbili, na benki ya zamani na benki mpya, kwa kuwa makato ya awali hayakusitishwa kwa wakati, na kurudishiwa fedha yake kulimgharimu safari nyingi za halmashauri. Mwingine alifunga akaunti ya zamani mapema, mshahara ukaenda huko huko na kukwama. Mimi nina agizo la kudumu la kupeleka akiba SACCOS kila mwezi, na sipendi hata mwezi mmoja upite bila kufika.

Kuhusu usalama, benki hii mpya ni ndogo kuliko yangu, na sisi wa Njombe hatujasahau Januari 2018, Benki Kuu ilipozifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, mojawapo ikiwa Njombe Community Bank. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa ikifidia hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Sasa kiwango ni shilingi 7,500,000. Mume wangu anasema, na hapa nakubaliana naye, kwamba mimi ni mdaiwa kuliko kuwa mwekaji, na akiba yangu haikaribii kiwango hicho, kwa hiyo hofu hii isiwe ndiyo inayoniamulia. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wakala wa benki yangu yuko jirani na shule na hufungua hadi jioni, ilhali wa benki mpya yuko mjini, na barabara yetu wakati wa mvua mnaifahamu.

Nimefikiria pia njia ya katikati: niache mshahara na mkopo vilipo hadi miezi hiyo 36 iishe, nifungue akaunti ya pili katika benki mpya isiyo na ada ya mwezi, na mshahara ukiingia niuhamishie huko kwa simu, kwa kuwa siku hizi mfumo wa TIPS wa Benki Kuu umeunganisha benki na mitandao ya simu na fedha hufika papo hapo. Ila kila uhamisho una tozo yake, na sina uhakika kama nitakuwa nimepunguza makato au nimeyaongeza.

Maswali yangu, Ndugu Mshauri, ni haya. Je, kuna hoja ya kuhamisha deni kwa muda ule ule uliobaki, pamoja na gharama nilizozitaja, au ni bora nivumilie hadi mwisho? Je, ile ada ya asilimia 3 inaweza kujadiliwa, hasa kwa mteja ambaye malalamiko yake ya shilingi 400,000 hayajapatiwa majibu, na malalamiko hayo niyapeleke Benki Kuu kabla au baada ya kuamua kuhama? Wale waliokwisha kuhamisha mshahara wakiwa na mkopo, mlihakikishaje kwamba makato ya zamani yamesitishwa kabla ya mapya kuanza? Na kwa wanandoa waliopitia mvutano kama wetu, ningependa kujua mlikubalianaje, kwa sababu mkopo huu utakuwa kwa jina langu na utakatwa kwenye mshahara wangu, lakini shamba na watoto ni vyetu sote wawili.

Nitashukuru sana kwa majibu yenu.

Mwalimu, Njombe