Barua ya Malalamiko: Mafaili Yasiyo Yetu Yanayojifungua Kila Tunapoanzisha Excel

Kikundi cha Akina Mama Wachuuzi wa Dagaa,
Mwalo wa Katonga,
Kigoma.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Mauzo na Matengenezo ya Kompyuta,
Kigoma Mjini.

Ndugu Meneja,

YAH: MAFAILI YA WATU WENGINE KATIKA KOMPYUTA MLIZOTUUZIA, NA FEDHA TULIZOLIPA KUONDOA VIRUSI AMBAVYO HAVIKUWAPO

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Machi mwaka huu kikundi chetu kilinunua kwenu kompyuta mpakato mbili zilizokwisha kutumika, mkiwa mmezipangia Windows na Office ninyi wenyewe. Tangu siku ya kwanza, kila tulipofungua Excel, kabla hatujagusa chochote yalijitokeza mafaili matatu ambayo hatukuyatengeneza: fomu ya ankara yenye nembo yenu, orodha ya bei za vipuri, na daftari la madeni la duka moja la dawa, lenye majina ya wateja, namba zao za simu, dawa walizokopa na kiasi wanachodaiwa.

Nilipowapigia simu kwa mara ya kwanza, fundi wenu aliniambia, "Mama, wewe yafunge tu hayo mafaili uendelee na kazi." Tuliyafunga kila siku kwa zaidi ya mwezi mzima. Naomba uelewe kwamba kwetu jambo hili halikuwa usumbufu wa macho tu. Mitumbwi ikirudi alfajiri, mweka hazina wetu anakuwa na watu kumi na zaidi mbele yake, kila mmoja akitaka beseni zake ziandikwe na deni lake lipunguzwe. Daftari la duka la dawa lina safu za jina, simu na kiasi, karibu sawa kabisa na daftari letu, na ndilo lililokuwa likibaki juu ya mengine. Asubuhi mbili mfululizo aliandika malipo ya wanachama wetu ndani ya daftari hilo. Alipotaka kuhifadhi, Excel ilikataa kwa sababu faili hilo lilikuwa la kusomwa tu, ikamtaka ahifadhi nakala kwa jina jingine, naye, foleni ikiwa inamsubiri, akakubali. Nakala hiyo tuliipata baada ya wiki mbili, ikiwa imechanganya wanachama wetu na wagonjwa tusiowajua. Katika wiki hizo mbili, mama mmoja aliyekuwa amelipa shilingi 38,000 alidaiwa mara ya pili mbele ya wenzake, akaitwa mwongo. Tumekwisha kumwomba radhi, lakini hakustahili aibu ile.

Baada ya hapo tulizileta kompyuta zote mbili dukani kwenu. Mlituambia kwamba zimeingiwa na virusi, mkatutoza shilingi 60,000 kwa kuzifomati na kuziwekea programu upya, na risiti yake nimeiambatanisha na barua hii. Tulizichukua siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi tulifungua Excel, na mafaili matatu yaleyale yakafunguka. Kompyuta ya mweka hazina ilizidi, kwa kuwa ilianza pia kufungua mafaili yetu yote 19 ya zamani kwa pamoja, ikawa inakwama kwa dakika kadhaa kabla hajaweza kuandika namba moja.

Niliamua kutafuta chanzo mwenyewe, nikisaidiwa na kijana wa mwanachama mmoja anayefundisha kompyuta. Tulianza kwa kushikilia kitufe cha Ctrl huku tukifungua Excel. Programu iliuliza kama tunataka kuifungua katika hali salama, tukakubali, na hapo halikufunguka faili hata moja. Katika hali hiyo Excel huanza bila viongezi, yaani programu ndogo zinazoongezwa ndani yake, na bila kusoma folda zake za kuanzia, kwa hiyo jaribio hilo moja, la chini ya dakika, lilituonyesha mahali pa kutazama. Fundi angeweza kulifanya mbele yetu kabla ya kutamka neno virusi.

Excel ina folda iitwayo XLSTART, na kila faili la Excel linalowekwa humo hufunguliwa pamoja na programu. Folda hizo ni mbili: moja ni ya mtumiaji, imefichwa ndani ya AppData, na nyingine iko ndani ya Program Files, mahali Office yenyewe ilipowekwa. Katika ile ya mtumiaji tulikuta faili la PERSONAL.XLSB peke yake, ambalo kazi yake ni kutunza makro, yaani amri zilizoandaliwa ili Excel ifanye yenyewe kazi zinazojirudia, hivyo hatukuligusa. Katika ile ya Program Files, kwenye kompyuta zote mbili, tuliyakuta mafaili matatu ninayoyalalamikia. Kuhusu yale 19, tulifungua File, kisha Options, kisha Advanced, tukashuka hadi sehemu ya General, na kwenye nafasi inayotaja folda ya kufunguliwa wakati wa kuanza tukakuta imeandikwa folda ambayo fundi wenu alirudishia mafaili yetu baada ya kufomati. Huenda alikusudia kumrahisishia mweka hazina kazi. Hata hivyo Excel hujaribu kufungua kila kilichomo katika folda inayotajwa hapo, na hakuna aliyetueleza. Nafasi hiyo tuliifuta, na mafaili 19 hayajifungui tena.

Sina ugomvi na Excel. Njia hiyo imewekwa kwa manufaa ya mtu anayetumia daftari moja kila siku, na kama lingewekwa humo daftari letu wenyewe badala ya la duka la dawa, ningewaandikia barua ya shukrani.

Mafaili matatu hatukuweza kuyaondoa. Kila tulipojaribu kuyafuta, Windows ilitaka nenosiri la msimamizi, na nenosiri hilo mnalo ninyi. Tulilipa fedha taslimu, kompyuta ni zetu, lakini hatuna mamlaka ya kufuta faili la mtu mwingine ndani yake. Kwa sasa tunafungua Excel katika hali salama kila asubuhi, jambo ambalo linatunyima makro za kujumlisha madeni, hivyo mweka hazina hujumlisha kwa kikokotoo na kuandika kwa mkono.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote hayo. Fundi wenu mwenyewe alituambia kwamba hampangi kila kompyuta peke yake, bali huwa mnachukua diski moja iliyokwisha kupangwa na kuinakili nzima kwenye kompyuta nyingine. Basi ndiyo maana kufomati hakukusaidia kitu, kwa kuwa mlifuta mafaili kisha mkayarudisha kwa nakala ileile. Na ndiyo maana naamini kwamba majina ya wateja wa duka lile la dawa yako katika kila kompyuta iliyotoka kwenye nakala hiyo. Kati yao wapo ambao, kwa dawa zilizoandikwa mbele ya majina yao, jirani yeyote angeweza kutambua wanaumwa nini. Kigoma ni mji wa watu wanaojuana. Nimewakataza wanachama wetu kulifungua daftari hilo au kulizungumzia, lakini siwezi kuwasemea wanunuzi wenu wengine. Vilevile kompyuta zetu zilikaa kwenu siku nne zikiwa na madeni ya wanachama wetu wote. Kama ya wengine yamefika kwetu, ya kwetu yamefika kwa nani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na taarifa za afya imezipa uzito wa pekee. Sitaki kuanzia huko, lakini nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14 nitawasilisha malalamiko haya kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Tunaomba mtume fundi aje Katonga ayafute mafaili hayo mbele yetu, kutoka kwenye XLSTART na mahali pengine popote yalipo, kisha atukabidhi nenosiri la msimamizi la kila kompyuta. Tunaomba mturudishie shilingi 60,000, kwa sababu tulizilipia tiba ya ugonjwa ambao haukuwapo. Tunaomba pia mtueleze kwa maandishi daftari la duka la dawa lilifikaje kwenye nakala yenu, kama mwenye duka amekwisha kujulishwa, na kama madeni ya wanachama wetu yamo katika diski yoyote mliyo nayo. Hili la mwisho halitatoshelezwa na neno la simu.

Kuhusu siku ya kuja, naomba fundi aje wakati wa mbalamwezi, kwa sababu wavuvi wa taa hawatoki siku hizo, mwalo unakuwa umetulia, na mimi na mweka hazina tutakuwa na nafasi ya kukaa naye tangu anapoanza hadi atakapomaliza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa Kikundi