Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mtaala Unakaa Kwenye Swali la Mtihani

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji ya chama chetu cha walimu wa sayansi na uhandisi vyuoni, nawakaribisha kwenye mkutano mkuu wetu hapa Dar es Salaam. Nawashukuru kwa namna ya pekee wenzetu waliotoka Morogoro, Dodoma na Mbeya kwa nauli zao wenyewe. Tunawakumbuka pia wanachama waliotangulia mbele ya haki mwaka huu. Mwenyezi Mungu azilaze roho zao mahali pema.

Mkutano uliopita uliiagiza Kamati kwamba suala la kuondoa ukoloni katika mitaala ya sayansi na uhandisi, yaani kufundisha kwa vipimo, mifano na maarifa ya hapa badala ya kutegemea tu yaliyorithiwa kutoka nje, litoke kwenye makongamano, liingie darasani. Agizo hilo niliafikiana nalo kwa moyo wote, nalo ndilo lililotuongoza mwaka mzima. Kwa mtazamo wangu, mtaala wenyewe haumo kwenye kabrasha linalopelekwa Tume ya Vyuo Vikuu kuidhinishwa. Umo kwenye karatasi ya mazoezi ya kila wiki na kwenye mtihani wa mwisho wa semesta. Utangulizi wa kozi unaweza kusema kwamba kozi inazingatia mazingira ya Tanzania, lakini swali la kwanza likimtaka mwanafunzi akokotoe uzito wa theluji juu ya paa, ameshaelewa kipi kinathaminiwa na kipi ni pambo.

Kwa hiyo tulianza na mazoezi. Wanachama walileta karatasi wanazofundishia, nyingi zikiwa zimerithiwa mwalimu kwa mwalimu, tukazipitia pamoja asubuhi za Jumamosi. Zoezi la sola ndilo lililotushughulisha zaidi. Lilimtaka mwanafunzi apange paneli juu ya paa la nyumba zikitazama kusini, kwa mwinamo wa nyuzi 40. Kwa mji wa kusini mwa Ulaya hilo ni sawa kabisa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Huku jua la adhuhuri mwezi Juni liko upande wa kaskazini, nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba liko kusini, nyuzi 17 hivi. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena katika Oktoba, linapita utosini kabisa. Paneli ya Kigamboni iliyoinamishwa nyuzi 40 kuelekea kusini inapoteza umeme mwingi katikati ya mwaka. Inayofaa ni ile iliyoinama kidogo tu kuelekea kaskazini, nyuzi 10 hivi, na hata mwinamo huo sehemu ya kazi yake ni kuifanya mvua ioshe vumbi.

Zoezi jipya linamtuma mwanafunzi asimike kijiti uani kwao na kupima kivuli kila baada ya dakika tano kuanzia saa sita kasorobo mchana. Anakuta kwamba, kwa wastani wa mwaka, kivuli kinakuwa kifupi kuliko vyote dakika ishirini na kitu baada ya saa sita. Hapo analazimika kutafuta sababu, na sababu ni kwamba saa zetu zinafuata longitudo 45 wakati jiji hili liko kwenye longitudo 39. Kutokana na vivuli vyake mwenyewe anapanga paneli. Fomula ni zilezile zilizomo kitabuni, na hesabu ni ngumu zaidi kuliko ya zamani.

Zoezi la pili ni la mafuriko. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na kaya za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo barabara ya Jangwani imefungwa na maji mara nyingi mno. Hata hivyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayekadiria maji ya mvua yatakayotiririka bado anafungua jedwali lililoandaliwa na idara ya hifadhi ya udongo ya Marekani miaka ya 1950, kutokana na vipimo vya mashamba ya huko. Jedwali lina malisho, lina mazao ya mistari, lina makazi yenye bustani za nyasi. Tandale haimo: bati limegusana na bati, uwanja umefagiliwa miaka na miaka mpaka udongo umekuwa mgumu kama saruji, mtaro umejaa chupa za plastiki.

Mwanachama mmoja aliwapeleka wanafunzi wake Mchikichini kuwauliza wenyeji maji yalifika wapi. Mama mwenye nyumba aliwaonyesha alama ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, rangi ikiwa imebadilika kuanzia hapo kwenda chini. Aliwaeleza pia kwamba maji yalianza kuingia kwa mlango wa nyuma, si wa mbele unaotazama mto. Wakapima kimo kwa tepu, wakachukua usawa wa sakafu kwa vifaa vya upimaji, wakarudi na vipimo vya nyumba nyingi mtaani hapo. Majibu ya jedwali hayakulingana na alama za ukutani, na mtihani wa semesta ile uliwauliza kwa nini. Njia ya kufanya kazi na wenyeji si ngeni hapa: kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walichora ramani za kata zinazofurika pamoja na wakazi wake kupitia mradi wa Ramani Huria. Tunachotaka sasa ni data ya namna hiyo iingie kwenye maksi.

Hapa lipo jambo ambalo baadhi ya vijana wetu hawakulifurahia. Mwaka 1976 maabara ya Uingereza ya utafiti wa barabara ilichapisha mbinu ya kukadiria mafuriko iliyotokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Vijana hao walitaka tuiondoe kwa sababu ni ya Waingereza. Kamati ilikataa, na naunga mkono uamuzi huo. Mvua iliyopimwa ni ya Afrika Mashariki, na udongo ni wa Afrika Mashariki. Wanafunzi waijue, waone inafaa wapi na inakwama wapi kwenye jiji lililojaa mabati, kisha waiboreshe. Hatuulizi uraia wa mpimaji.

Habari za mkoloni aliyepuuza kupima nazo tunazifundisha, kwa kuwa makosa yake ni somo la uhandisi. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza wa 1947 uliahidi zaidi ya ekari milioni 3 za mashamba Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umeteketeza pauni milioni 36. Udongo wa Kongwa ulikauka ukashika, majembe ya matrekta yakalika, na mvua haikutosha. Wagogo waliokuwa wakiishi na ukame huo vizazi kwa vizazi walikuwa palepale. Sasa tunao mfano huu katika kozi ya usimamizi wa miradi, wanafunzi wakitakiwa kuorodhesha vipimo ambavyo vingepaswa kuchukuliwa kabla ya trekta la kwanza kushushwa.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote linatoka Kagera. Wahaya walifua chuma kwa karne nyingi, na ushahidi wa akiolojia unarudi nyuma zaidi ya miaka 1,500. Chuma cha kununua kutoka nje kilipoiua kazi hiyo, maarifa yalibaki kwa wazee. Miaka ya 1970 wazee hao walijenga tena tanuri mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 walichapisha makala katika jarida la Science wakisema kwamba mabomba ya udongo ya mivukuto, kwa kuwa yaliingia ndani kabisa ya tanuri, yaliipasha hewa joto kabla haijafikia moto. Wataalamu wengine wa metali walipinga kwamba joto hilo lilikuwa kubwa kiasi hicho. Sisi tumelifanya swali la uhamishaji wa joto: bomba la udongo la urefu fulani, tanuri la joto fulani, hewa ya kasi fulani, hewa inatoka ikiwa na joto gani? Mwanafunzi akiongeza kasi ya mvukuto, hewa inakaa ndani ya bomba muda mfupi na joto lake linashuka. Akiipunguza, joto la hewa linapanda lakini moto unakosa hewa ya kutosha. Mzee wa Kihaya alikuwa akiutafuta mlingano huo kwa mkono na kwa sikio. Niliona darasa zima likibishana juu ya kasi ya mvukuto mpaka muda wa kipindi ukaisha, jambo ambalo katika miaka yangu ya kufundisha somo hilo ni nadra sana kutokea.

Wapo wenzetu wenye wasiwasi, na wasiwasi wao nauheshimu. Baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town kudai sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iondolewe, nayo ikaondolewa Aprili 2015, mjadala ulifika hadi kwenye vitivo vya sayansi. Mwaka uliofuata ilisambaa video ya kikao ambamo mwanafunzi alitaka sayansi ifutwe ianze upya, akitaja imani ya kumtumia mtu radi. Tangu hapo kila tukitaja ukoloni, yupo anayetuuliza kama tunataka kufundisha radi za kutumwa. Hatutaki. Dai lolote, liwe la mganga, la mhunzi au la kitabu cha London, linaingia darasani kama swali la kupimwa.

Na kwa hilo tuna mfano wa nyumbani. Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mwaka 1963 alipoona kwamba mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye friza ukiwa wa moto uliganda kabla ya uliopozwa. Mwalimu na wanafunzi wenzake walimcheka. Akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu cha hapa Dar es Salaam. Osborne alirudi chuoni akaagiza jaribio lifanyike. Fundi wa maabara akaleta jibu kwamba maji ya moto yaliganda kwanza, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Makala yao wawili ilitoka 1969, na wanafizikia wanabishania sababu zake mpaka leo, wengine wakihoji kama jambo lenyewe lipo. Wahandisi wetu wengi wanamaliza shahada bila kulisikia jina lake. Ninaomba kila maabara ya mwaka wa kwanza irudie jaribio hilo na kuandika ilichokiona.

Vikwazo havikukosekana. Chuo kimoja kilikubali mazoezi yetu kwa barua nzuri, kisha kikayarudisha kwa hoja kwamba mtahini wa nje hatayatambua. Utaratibu huo wa mtahini wa nje ulikuja na Chuo Kikuu cha London, ambacho chuo chetu cha kwanza kilianza kama chuo kishiriki chake mwaka 1961. Una faida zake, lakini mtahini anaweza kuelezwa, na akaelewa. Kikwazo kikubwa zaidi ni upandishwaji vyeo. Mhadhiri akiandika mwongozo wa maabara unaotumia udongo wa Kibaha hapati pointi anazopata kwa makala moja katika jarida la nje. Mpaka hilo libadilike tutakuwa tunawaomba vijana wafanye kazi hii kwa hasara yao, na sidhani tuna haki ya kuendelea kuwaomba hivyo.

Lugha ya kufundishia haikuwa ajenda yetu mwaka huu. Inatosha kusema kwamba mazoezi yote yameandaliwa kwa Kiingereza na Kiswahili, tukitumia istilahi za kamusi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ya biolojia, fizikia na kemia ya 1990 pale zilipopatikana.

Hesabu zitawasilishwa na Mweka Hazina. Wanachama wengi bado wanadaiwa ada, nami nawasihi walipe kabla ya mwisho wa robo ya kwanza, kwani uchapishaji wa kitabu cha mazoezi unategemea fedha hizo.

Kwa mwaka ujao Kamati inaomba ridhaa ya mkutano kwa mambo mawili. Kwanza, wakati vyuo vinapitia mitaala yao chini ya HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, kila mwanachama apeleke angalau maswali matatu ya mtihani kwa idara yake, pamoja na vipimo vyake. Pili, tuanze kazi na wahandisi wa vifaatiba. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinakosa kubaini upungufu wake kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa weupe. Vifaa hivyo viko kwenye wodi zetu, na wanaovirekebisha ni wanafunzi wetu. Wafundishwe kuvipima kwenye ngozi za watu wetu.

Ndugu Wanachama, naomba kuwasilisha.